Naomba ushauri: msaada wa ubalozi na kiwanja cha wakfu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu cha kina mama hapa Likoni kinataka kuomba ule msaada mdogo wa ubalozi wa Japani kwa miradi ya mashinani, tujenge tangi na kioski cha maji. Visima vyetu vina chumvi, hata chai hainyweki. Cheti cha usajili tunacho, na bei za mafundi watatu tumekusanya.

Kinachotukwamisha ni kiwanja: ni wakfu wa msikiti. Imamu ametuandikia barua ya ridhaa, lakini naona haitoshi. Je, tuombe mkataba wa kukodi kwa Tume ya Wakfu? Na kwa kuwa msaada huo haulipi mishahara, malipo ya mwuza maji tuyaeleze vipi kwenye maombi?