Tupeane uzoefu: mtoto wa miaka minne Haller Park, tubebe kigari au atembee?

UmmuChekechea: Assalaam aleikum nduzangu. Shule zikifungwa Desemba, kila nyumba yenye mtoto wa chekechea huwa na ugomvi huu: siku nzima matembezini, kigari cha kumsukumia mtoto kiende au kibaki? Chukulieni mtoto wa miaka minne, kilo 16, kimo sentimita 103, wa kawaida kabisa. Safari inaanzia Likoni: feri, matatu, Haller Park kwenye wanyama, halafu Wild Waters kwenye michezo ya maji kabla ya kurudi. Anayeyajua aseme kwa kina. Ila msiniambie "inategemea".

BinKisauni: Haitegemei. Atembee. Ana miguu miwili.

FundiMagurudumu: Kaka, miguu miwili tuiweke kando kwanza, tuangalie ardhi. Haller Park ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kuanza kupandwa miti mwaka 1971. Kwa hivyo chini ni matumbawe yaliyosagika, na juu yake majani ya mvinje na vile vitunda vyake vidogo vya kuchoma. Kigari cha mwavuli, yaani kinachokunjika kama mwavuli, kina magurudumu mapacha mbele, kipenyo sentimita 13 hadi 15, plastiki ngumu. Kitunda kimoja cha mvinje kikinasa katikati ya mapacha hayo, gurudumu hukwama ghafla, kigari husimama huku wewe bado unasukuma, na mtoto asiyefungwa mkanda hutangulia kwa pua.

Dawa yake: ukifika kwenye kokoto, lifunge gurudumu la mbele lisigeuke huku na huku (kitufe chake kiko juu ya uma wa gurudumu), kisha kandamiza mpini kidogo ili mbele ipungue uzito. Pakizidi ubaya, geuka ukivute kinyumenyume. Cha magurudumu matatu ya upepo, sentimita 25 hadi 30, hupita bila wasiwasi, lakini kina kilo 10 hadi 13 na hata kikikunjwa bado ni mzigo. Konda wa matatu ndiye atakayekwambia kinakaa wapi.

KondaMstaafu: Umeniita. Matatu ya viti 14 haina buti la maana. Cha mwavuli kikikunjwa kinakuwa kirefu, mita moja na kitu, lakini chembamba. Kinasimama kati ya magoti yako na mlango, hakuna atakayekusumbua. Kile kinachokunjika kama kitabu kinakula kiti kizima, na kikila kiti kinalipa nauli, usigombane na kijana wa watu. Kuna vile vya kuingia ndani ya ndege, vikikunjwa ni kama sentimita 55 kwa 45 kwa 25, kilo 6 au 7. Hivyo vinaingia hata nyuma ya kiti cha tuktuk. Ukiwa na hicho, mjadala umekwisha.

KondaMstaafu: Na feri nimeisahau. Kunja kabla geti halijafunguliwa, si baada. Geti likifunguliwa watu wanateremka ule mteremko kwa kasi na kigari kilichofunguliwa kinapigwa mateke na kila anayepita. Mkono mmoja mtoto, mkono mwingine kigari, begi mgongoni. Mkishapanda, kama lazima akae, kiweke kikiangalia ubavuni, upande wa mteremko usiwe mbele wala nyuma yake, breki zote mbili chini, na mkono usitoke kwenye mpini.

BinKisauni: Mnaona sasa? Mzigo mtupu. Watoto wa Kisauni wanatembea hadi madrasa na kurudi bila magurudumu.

UkhtiTudor: Kaka BinKisauni, madrasa si siku nzima juani. Nikuambie siku hii inavyoharibika, kwa mpangilio wake.

Saa nne asubuhi mtoto anakimbia mbele ya watu wote, na hapo ndipo baba anaposema "si nilikwambia?" Saa tano anataka kubebwa aone kiboko, halafu ashuke, halafu abebwe. Kusimama ndiko kunakomchosha kuliko kutembea: kusubiri twiga walishwe, kusubiri juisi, kusubiri choo. Saa sita u nusu amekula viazi karai, ameshiba. Saa saba ni jua la utosi, na Desemba ni kaskazi, upepo wenyewe moto. Hapo ndipo miguu miwili inapoisha. Haanguki kwa uchovu, la. Anakaa chini katikati ya njia, analilia kiatu. Kiatu hakina kosa lolote. Ukimwinua amelegea, na kilo 16 zilizolala si kilo 16 zilizo macho: kichwa kinaning'inia, mikono haishiki shingo, uzito wote uko kwenye kiwiko chako kimoja. Jasho lako na lake yanachanganyika. Maji yako kwenye begi lililo upande ule mwingine. Na wewe uko ndani kabisa, lango liko mbali, na mdogo wake naye ameanza kuangalia kama kuna nafasi begani.

Hapo bado hujaenda Wild Waters, hujapanda matatu ya kurudi, na feri ya saa kumi na mbili jioni unaijua.

Ndiyo maana ukitaka kuamua, usihesabu mwendo wa asubuhi. Jiulize ni nani atambeba kuanzia saa saba. Jina likipatikana, na mwenye jina akakubali mbele ya mashahidi, acheni kigari.

MamaKe_Mapacha: Hasa hapo kwenye kiatu. Hasa.

BinKisauni: Kuna leso mbili, afungwe mgongoni. Mama zetu walibeba hivyo.

UkhtiTudor: Walibeba wa mwaka mmoja. Wa kilo 16 funga wewe, uje utuambie kiuno.

NanaMajengo: Kabla hamjakimbilia soko la Kongowea kununua vya mtumba, mnakijua kisa cha vidole? Novemba 2009 kampuni ya Maclaren iliitisha virekebishwe vigari vyake vya mwavuli Marekani, kama milioni moja, vyote vilivyouzwa tangu 1999. Bawaba za ubavuni zilikuwa wazi. Mzazi akifungua kigari, mtoto akishika pale, bawaba inajifunga kwa kidole. Watoto 12 walikatika ncha za vidole. Kumi na wawili!

Mzee_Ganjoni: Ya Rabbi. Na hivyo vigari vilikwenda wapi?

MamaKe_Mapacha: Mimi cha kwetu nakitoa nje leo.

BinKisauni: Nilisema atembee.

FundiMagurudumu: Tulieni. Havikutupwa, wenye navyo walipewa vifuniko vya kuvalisha bawaba, bure, na vikishavalishwa vinatumika. Shida ni cha zamani kilichozunguka dunia bila kifuniko, na si kampuni ile peke yake, karibu kila kigari cha kukunja kina mahali pa kukata. Sheria ni moja: mtoto asimame hatua mbili nyuma yako unapofungua na unapofunga, akishika kitu mkononi, chupa au chochote. Usifungue huku umemshika mkono.

Na ukiwa Kongowea kagua hivi. Fungua, sikiliza kufuli mbili, ya msingi na ya akiba. Kandamiza mpini kwa nguvu, kisipojikunja ni sawa. Piga breki, kisukume mbele na nyuma. Gurudumu likiteleza, meno yameliwa. Shika gurudumu la mbele ulitikise ubavuni. Likicheza sana, bushi imekwisha na kwenye lami kitatetemeka mpaka mkono ufe ganzi. Vuta mkanda kwa ghafla, mara kadhaa, kifungo chake kisifunguke. Mwisho soma lebo ya uzito. Vingi vya Ulaya vya zamani vimepimwa mwisho kilo 15, vipya vinafika 22. Mtoto wa Ummu ana kilo 16. Kile cha kilo 15 huenda kisivunjike pale pale, lakini kinaweza kupinda ekseli ya nyuma taratibu na breki zikaacha kushika.

Mzee_Ganjoni: Na kimo?

FundiMagurudumu: Kimo ndicho watu wanakisahau. Mwenye sentimita 103 akikaa, kutoka kalio hadi utosini ni 55 na kitu. Mwegemeo wa kigari ukiwa 45, kichwa kinapita juu na paa linamkalia kwenye paji la uso. Peleka futi ya cherehani sokoni, upime.

UmmuChekechea: Nashukuru, lakini tumeacha Haller Park tumehamia vidoleni. Jua je? Naona watu wanafunika kigari chote kwa leso mtoto akilala.

DaktariwaMtaani: Usifunike chote. Kitambaa kikavu kinazuia hewa, na ndani panazidi kuwa moto. Chuo Kikuu cha Sydney walipima jambo hili mwaka 2023: kitambaa kikavu kilipandisha joto ndani ya kigari kwa zaidi ya nyuzi 2.5, lakini kitambaa chepesi kilicholowa maji, pamoja na feni ndogo ya betri, kilishusha karibu nyuzi 5. Sasa huku kwetu hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki haraka, kwa hivyo usitegemee nyuzi 5 za Sydney. Lowesha leso, ikamue, ifunge upande wa jua tu, acha mbele na ubavu mmoja wazi. Ikikauka, lowesha tena. Mguse shingo kwa nyuma mara kwa mara. Ikiwa ya moto na ngozi imekuwa nyekundu, mtoe, mpe maji kivulini. Maji kidogo kidogo kila mara, si chupa nzima kwa mkupuo.

NanaMajengo: Leso kuukuu ya mama, si mpya. Mpya haishiki maji vizuri, ina wanga.

DaktariwaMtaani: Kweli kabisa, bibi.

Mzee_Ganjoni: Mimi naona kamba ya mkononi inatosha. Ile ya kufunga mkono wa mtoto na wako.

BinKisauni: Mtoto si mbuzi.

Mzee_Ganjoni: Mbuzi hapotei uwanja wa Makadara usiku wa Idd. Nenda wakati wa pembea uhesabu wanaotangazwa kwenye kipaza sauti.

UkhtiTudor: Makadara ni mambo mengine. Pale ni watu kwa watu, kigari hakipiti na kikipita kinakanyaga miguu. Andika namba ya simu kwa kalamu ya wino ndani ya mkono wa mtoto, upake juu yake rangi ya kucha isiyo na rangi ili jasho lisiifute. Kamba akubali mwenyewe. Uwanja wa maonyesho Mkomani, hapo ndiyo, beba kigari, mzunguko ni mrefu.

BinKisauni: Fort Jesus?

UkhtiTudor: Acha nyumbani. Kupanda, ngazi za mawe, na vichochoro vya Mji wa Kale vina pikipiki na mikokoteni. Mama Ngina pale mbele ya bahari pamesakafiwa, hata cha magurudumu madogo kinateleza.

KondaMstaafu: Jambo ambalo hakuna aliyelisema: begi kwenye mpini. Kila mtu hulitundika. Kilo tano za chupa na nguo za kuogelea zinavuta nyuma, mtoto aliyekaa ndiye anayekizuia kisianguke. Siku akishuka mwenyewe kumwona kobe, kigari kinakwenda chali na chai ya chupa juu yake. Akiwa bado amekaa na akiegemea nyuma kwenye kilima, anakwenda nacho. Mzigo uwe kwenye kapu la chini, tena karibu na ekseli ya nyuma.

ShangaziWaFlorida: Wenzetu wanaokuja Disney ya Florida, huku habari ni nyingine. Tangu tarehe 1 Mei 2019 kigari kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na vile vigari vya kukokota vimekatazwa. Huingii nacho kwenye foleni za michezo mingi. Unakiacha kwenye maegesho ya vigari, wafanyakazi wanavihamisha kupanga safu, ukitoka hukikuti ulipokiacha. Fungeni kipande cha leso kwenye mpini, mtakiona kutoka mbali. Pesa na simu zisibaki humo. Na kwa masafa ya huku hata wa miaka sita wamo ndani ya vigari, hakuna anayecheka.

BinKisauni: Miaka sita! Qiyama kimekaribia.

UmmuChekechea: Wild Waters nako kigari kinafanya kazi gani?

FundiMagurudumu: Kazi ya kukaushia taulo. Mtoto yuko majini, sakafu imelowa, breki za plastiki kwenye sakafu iliyolowa si za kuaminiwa. Kikunje kiegemee ukuta. Kitahitajika mkitoka, ndiyo saa ya usingizi wa pili.

UmmuChekechea: Na tukipitia Pirates, kule ufukweni, mchanga?

FundiMagurudumu: Usikisukume mchangani, kibebe. Kikishaingia: suuza kwa maji baridi ya bomba, si moto, geuza magurudumu juu, yazungushe mpaka yaache kukwaruza, kausha kivulini. Halafu puliza silikoni kwenye ekseli na bawaba. Mafuta ya kula au ya cherehani hapana, yanashika mchanga na siku ya pili ni msasa. Chumvi ikiachwa usiku kucha, pini ya ekseli inaanza kutu na gurudumu halitoki tena bila nyundo. Vyenye beringi, nyingi ni namba 608, tundu milimita 8, nje 22, unene 7. Ndizo zile za skate, fundi wa baiskeli anaweza kukutafutia.

MamaKe_Mapacha: Na sisi wa mapacha? Cha viti viwili hakipiti mlango wa matatu.

KondaMstaafu: Mapacha pandeni tuktuk, na hicho kifungeni juu ya paa kwa kamba ya mpira. Mwambie dereva kabla ya kukubaliana bei.