Tupeane uzoefu: tequila uliyoionja taratibu, ipi ilikukaa?

#1
Wakuu, kwema?

Mimi nimekulia Muheza, nyumba yetu imepakana na shamba la mkonge, na jioni upepo ukigeuka harufu ya korona, mtambo wa kuchakata mkonge, ilikuwa inaingia hadi chumbani. Siku nilipojua kwamba tequila, pombe kali ya Mexico, inatokana na ndugu wa mkonge, nikaanza kuiangalia kwa jicho jingine. Wa kwetu ni Agave sisalana, wao wanatumia Agave tequilana, ule wa buluu. Hata mkonge wenyewe ni mgeni kutoka Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na mashamba ya Tanga yakaanzia hapo.

Zamani nilikuwa nainywa kama wengi wetu: chumvi mgongoni mwa mkono, shoti, ndimu, unakunja uso, basi. Kuna baa walitumiminia ile ya rangi ya dhahabu, nikaamka kichwa kinapasuka. Baadaye nikaja kuisoma lebo vizuri. Haikuandikwa 100% agave. Sheria ya Mexico inaruhusu chupa kuitwa tequila hata kama ni 51% tu ya sukari yake iliyotoka kwenye agave, iliyobaki ikawa ya miwa au kitu kingine. Wenyewe wanaiita mixto.

Mwezi uliopita tukakaa watu wanne na chupa tatu za kiwanda kimoja, zote 100%. Glasi ndogo za mvinyo, kila moja kidole kimoja, maji pembeni, chumvi na ndimu tukaziacha jikoni. Tukaanza na blanco, ambayo haijalala kwenye pipa au imelala chini ya miezi 2. Niliponusa tu nikarudi Muheza: jani bichi linalopasuliwa, ganda la ndimu, halafu ukimeza inakuja pilipili manga. Reposado inalala kwenye mwaloni kuanzia miezi 2 hadi mwaka. Pale ukali ulikuwa umetulia, kuna asali kwa mbali. Añejo, mwaka 1 hadi 3, wenzangu wawili waliisifia sana. Mimi niliona pipa limeufunika mmea. Kwangu blanco ndiyo kipimo, maana ikiwa na kasoro hakuna mbao ya kuisitiri.

Leteni yenu.

#2
Shukrani kwa uzi huu. Mimi nafanya kaunta Mombasa, huu mwaka wa tisa. Mteja akiniambia "nipe ile ya dhahabu, imekomaa," namweleza kwa upole kwamba rangi si umri. Nyingi za dhahabu zimetiwa karameli. Na hata zile zilizolala kweli, kanuni zinaruhusu kiasi kidogo, kisichozidi 1% ya uzito, cha karameli, gliserini, sharubati ya sukari na dondoo ya mwaloni. Ukinusa ukapata vanila nzito kama keki ya harusi, simama kwanza. Mimi huweka matone mawili kiganjani, nasugua. Yakikauka mkono ukabaki unanata, naingiwa na shaka na chupa hiyo.

Lakini ndugu yangu #1, añejo usiihukumu mapema. Nina mzee mmoja, baharia mstaafu, miaka yote ni wiski tu. Siku moja wiski yake ilikuwa imeisha, nikamshauri añejo kwenye glasi ileile, bila barafu. Mapipa mengi yanayotumika huwa yameshabeba wiski ya Marekani, kwa hiyo hakuona ugeni. Alikaa na glasi moja karibu saa nzima. Siku hizi akiingia haulizi wiski.

#3
Wadau, mimi niko Houston. Mwaka juzi mimi na mke wangu tulikwenda Guadalajara, kisha mji wenyewe wa Tequila, kama kilomita 60 hivi. Jina hili linalindwa tangu 1974. Lazima itoke Jalisco au sehemu fulani za majimbo mengine manne.

Shambani tulimkuta jimador, ndiye mkataji, ana coa mkononi, chuma cha duara chenye mpini mrefu, kikali kama wembe. Analizunguka agave akiyaangusha majani mpaka linabaki tufe jeupe kama nanasi kubwa, na kweli wanaliita piña, nanasi. Mmea umekaa ardhini miaka 6, 7, na unavunwa mara moja tu katika uhai wake. Mlingoti wa maua ukichomoza wanaukata, ili sukari isipande juu.

Kiwandani wakatupatia kipande cha piña kilichotoka kwenye tanuru la matofali. Kilikuwa cha kahawia, kinachuruzika. Ukitafuna ni kama umechanganya muwa na kiazi kitamu kilichochemshwa, utamu ukiisha unabaki na nyuzi mdomoni. Nilitema singa! Mke wangu, mtu wa Korogwe, alicheka mpaka machozi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini blanco mbili hazifanani. Wengine wanaoka taratibu kwenye tanuru, siku nzima na zaidi. Wengine wanatumia mtungi wa mvuke, saa chache. Wapo wenye mtambo wa kukamua sukari kwa maji ya moto kabla hata ya kupika, na kwa ulimi wangu hiyo inatoka nyepesi, haina kisa. Halafu kuna udongo. Tuliyoonja ya Los Altos, nyanda za juu zenye udongo mwekundu, ilikuwa na matunda na maua. Ya bondeni, chini ya mlima wa volkano, ilikuwa na majani, pilipili, ardhi iliyolowa mvua.

Angalieni pia namba ya NOM kwenye lebo, tarakimu nne. Inakuambia imetengenezwa kiwanda gani. Nimeshakuta chupa mbili za bei tofauti kabisa, NOM moja.

#4
Mimi niliagiza tequila, nikaletewa mezcal, pombe nyingine ya agave ya Mexico. Nilipoifungua nikasikia harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nikajua baadaye kwamba watengenezaji wake agave wanaichoma kwenye shimo lenye mawe ya moto. Sasa naipenda kuliko tequila, ila nikijua ndiyo ninayokunywa. Na yule funza kwenye chupa ni wa baadhi ya mezcal, tequila haina.

#5
Dada wa Arusha hapa. Nilinunua cristalino nikidhani ni blanco ya kifahari. Kumbe ni añejo iliyochujwa kwa mkaa rangi ikatoka. Laini, tamu, lakini #1 usingelisikia hilo jani lako.

Mume wangu akanipangia vikombe vitatu bila kuniambia kipi ni kipi. Niliyoiweka ya kwanza ikawa reposado, ya bei ya chini kuliko zote tatu. Tangu hapo nainywa na nyama choma ya mbuzi na kachumbari yenye pilipili, funda ndogo ndogo. Jaribuni.

#1
#3, hapo pa kutema singa pamenigusa. Jumapili nilimpelekea mzee wangu blanco kidogo. Amekata mkonge miaka 22. Hakunywa haraka, aliishika glasi puani muda mrefu, akasema, "Hili jani nalijua." Nikamweleza kwamba wao wanachukua moyo wa mmea. Akashangaa sana, maana kwetu tunachukua jani, moyo tunauacha shambani unaoza. Akaniuliza, sasa majani wanayapeleka wapi?

#3
Mwambie mzee shikamoo. Yale niliyoyaona yalibaki palepale, yamelala chini katikati ya mistari, marefu, mabichi, yenye singa zake zote.