Kukodi gari Mwanza likizo ya Desemba, bima ipi inatosha?

BabaWawili_Tabata
Wakuu wa Mwanza na kanda ya ziwa kwa ujumla, habari za mchana. Desemba hii naileta familia huko, mimi, mama watoto, madogo wawili na bi mkubwa ambaye kwao ni Ukerewe na kila tukikaa anakumbushia lini tutampeleka Nansio akaone ndugu zake. Tunashuka na ndege, pale nikodi gari niendeshe mwenyewe. Ratiba iliyoko kichwani ni Bujora kidogo madogo waone makumbusho, tutoke Lamadi tuingie Serengeti kwa geti la Ndabaka, turudi Bunda tukatize Kisorya kwenda Ukerewe, halafu tukimaliza tuvuke lile daraja jipya la Kigongo Busisi twende Bukoba, na nafsi ikipenda tusogee mpaka Mutukula tukaingie Uganda.

Sasa kwenye gari ndo nimekwama. Nimeongea na watu wawili. Wa kwanza ana Noah, bei yake imelala, nikamuuliza habari za bima akasema "bosi gari ina bima, we usiwaze", nikamkomalia anitumie picha, kuangalia naona thadi pati. Wa pili ni ofisi, wana Prado, bei karibu mara mbili ya Noah, wanasema ni bima kubwa (ile inayolipia mpaka gari lenyewe) ila wanataka dipoziti milioni 1.5 na kwenye mkataba kuna kamstari kanasema ajali ikitokea mteja anabeba eksesi ya asilimia 10 au milioni 1, yoyote itakayokuwa kubwa. Hapo ndo sielewi. Nalipia bima kubwa halafu na milioni nabeba mimi? Si wizi huo? Mwenye uelewa anifungue macho kabla sijatuma hela ya watu.

Kapripoint_Juu
Mkuu chukua gari na dereva wake umalize kesi. Unamlipa posho na pa kulala, bampa likiguswa ni yeye na bosi wake, we uko nyuma unakula sato. Hii ya kujiendesha barabara ya Musoma yenye ng'ombe na bodaboda zisizo na taa usiku sijui mnaitafutia nini likizo.

BabaWawili_Tabata
Nimeifikiria mkuu, shida tuko watano na mizigo, nikiongeza dereva Prado inajaa na bi mkubwa magoti hayakunji vizuri. Na mimi kuendesha napenda aisee, usininyime.

WakalaWaMabatini
Nafanya kazi za bima hapa mjini kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu, itakuwa ndefu nivumilie.

Thadi pati haimlindi mwenye gari wala wewe uliyekodi. Inamlinda yule uliyemgonga. Ukimparamia bodaboda pale Igoma, bima inashughulika na yule wa boda, lakini ile Noah iliyobonyea ubavu hakuna atakayeitazama, hiyo ni ya kwako na mwenye Noah mtamalizana wenyewe kwa wenyewe, na yeye ndo atakuwa na nguvu kwenye maongezi maana kitambulisho chako anacho. Thadi pati ipo kwa sababu sheria inalazimisha, ndo maana wenye magari wengi ya binafsi wanakata ile ya 118,000 kwa mwaka, laki moja na VAT yake, ili trafiki asiwasumbue basi.

Sasa kuna jambo la pili ambalo watu wanalipita bila kuliona, na mimi kwangu ni kubwa kuliko hilo la kwanza. Angalia namba ya hiyo Noah. Kama ni namba ya njano, hiyo ni gari binafsi, na bima yake ilikatwa kwa matumizi binafsi. Mwenyewe anapokukodisha kwa hela ameshaitoa kwenye matumizi iliyokatiwa. Siku ya ajali kampuni ikijua gari ilikuwa kwenye biashara ya kukodisha imeshapata mlango wa kukataa, au ilipe yule aliyeumia halafu imgeukie mwenye gari, naye akugeukie wewe. Yaani hata hiyo thadi pati yenyewe inaweza ikawa karatasi tu. Gari ya biashara inatakiwa iwe na namba nyeupe, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na kwenye bima pale panapoandikwa matumizi pasomeke kukodisha. Usiridhike na neno "kubwa". Nimeshaona gari ina bima kubwa safi kabisa lakini ya matumizi binafsi, na inakodishwa kila wikiendi.

Kuhusu eksesi, hapana, sio wizi. Karibu kila bima kubwa inayo. Ni kile kipande cha hasara ambacho hakibebwi na kampuni. Piga hesabu kwa huo mkataba wako: umeigonga, gereji wamesema milioni 4. Asilimia 10 ni laki nne, lakini kwa kuwa wameandika chochote kilicho kikubwa unalipa milioni 1 na kampuni inalipa 3. Ikiwa matengenezo ni milioni 15 unalipa milioni moja na nusu. Sasa iangalie dipoziti yao, ni hiyo hiyo milioni 1.5, wamejipanga mapema wasije wakakutafuta Tabata. Cha kuwauliza ni hiki: mkwaruzo wa laki mbili wanaufanyaje? Maana hapo bima haiingii kabisa, ni mfukoni mwako wote.

Waulize pia gari ikikaa gereji wiki mbili watakutoza siku hizo kama vile umeikodi? Wengi wanatoza na bima hailipi hiyo. Hili liandikwe kwenye mkataba, kwa mdomo halina maana.

Kuhakiki bima ni bure na ni dakika mbili. Stika siku hizi ni za kielektroniki, ingia kwenye tovuti ya TIRA (mamlaka ya bima) ya kuhakiki, weka namba ya gari, inakuletea kampuni, aina ya bima na tarehe ya kuisha. Hiyo ya kuisha iangalie vizuri, isije ikaisha uko Muleba.

BabaWawili_Tabata
Duh! Nimeenda kuangalia picha ya Noah, namba ni njano kama yai. Nimemuuliza jamaa akasema "tukisimamishwa njiani sema ni gari ya shemeji yako". Huyo tumeachana naye.

Mama_Lamadi
😂😂 Shemeji! Kila gari linaloingia Ndabaka ni la shemeji.

Kaka na hiyo Prado usilipe kwanza. Waulize kama mkataba unaruhusu kuingia hifadhini, maana ofisi nyingi wanakataza au wana bei nyingine kwa gari inayoingia Serengeti. Lami inakufikisha mpaka mlangoni Ndabaka bila shida, kutoka Mwanza ni kama kilomita 140, lakini ukishaingia ndani upande huu wa magharibi udongo ni ule mweusi wa mbuga, na Desemba ni mvua. Ukikauka ni sawa, ukilowa gari inateleza kama imepakwa mlenda, na hapo hata fobai fobai bila tairi nzuri ni mapambo. Sasa ukakwama, ukaburuzwa kwa kamba na gari ya watalii, bampa la mbele likang'oka, uliza bima inalisemaje hilo. Mara nyingi kukwama sio ajali, kuvutwa unalipa mwenyewe, na vitu vya chini ya gari, sampu na ekzosi, wanasema ni uzembe wa dereva.

Tairi na kioo cha mbele pia. Ile barabara yetu malori yanarusha kokoto, kioo kikipata ufa wa kidole tu jua la mchana linaumalizia. Waulize kioo kimo au hakimo.

Ukiwa ndani spidi ni 50 mwisho, giza lisikukute barabarani, na kibali kinahesabiwa masaa 24 kwa hiyo usiingie saa kumi jioni halafu kesho saa kumi hiyo hiyo ukashangaa muda umekatika. Malipo ya getini keshi hawapokei.

Mzinza_wa_Busisi
Mnamtisha jamaa bure. Nimeendesha magari ya kukodi huku miaka na miaka sijawahi kuuliza bima hata siku moja na niko salama. Endesha taratibu, usilewe, lala mapema. Hiyo hela ya Prado si bora akale samaki.

WakalaWaMabatini
@Mzinza_wa_Busisi wewe unaendesha taratibu, je yule wa boda anayetoka vichochoroni Buhongwa na mtungi wa gesi mgongoni? Bima haikatwi kwa ajili ya uendeshaji wako peke yake.

Halafu nilisahau kwa BabaWawili. Kuna vitu vinavyofuta bima kubwa papo hapo hata uwe umeilipia dhahabu: pombe, leseni iliyoisha au isiyo na daraja husika (gari dogo ni D), kumpa usukani mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba, na kujaza watu kuliko siti. Ukerewe huko najua ndugu watadandia, "tusogeze hapo mbele tu". Wakatalie kwa upole. Na kama mama watoto ataendesha hata kipande kidogo andikisha jina lake mapema na leseni yake wapige kopi. Dereva wa chini ya miaka 25 au mwenye leseni changa eksesi yake huwa inapanda.

Ikitokea ajali usisogeze gari kabla trafiki hajapima, labda kuna mtu wa kuokoa. Piga picha, mpigie mwenye gari hapo hapo, chukua ripoti ya polisi, aliyeumia apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). Usiandike wala kusaini popote kwamba kosa ni lako, hata watu wakikuzunguka, maana kampuni haipendi mteja aliyejihukumu.

Mhaya_Ughaibuni
Nichangie kidogo, mimi niko Uingereza ila kila nikija nyumbani Bukoba nakodi gari Mwanza. Huku Ulaya kwenye dawati la uwanja wa ndege wanakuuzia kitu wanakiita CDW, watu wanadhani ni bima, kumbe ni ahadi tu ya mwenye gari kwamba hatakudai hasara yote, na bado kuna eksesi, na bado tairi, kioo, paa na chini ya gari mara nyingi vimeachwa nje. Kwa hiyo hao wa Prado wala sio wa ajabu. Huku kuna kampuni za pembeni zinauza bima ya kufidia ile eksesi, unalipa kwa mwenye gari kwanza halafu unakuja kudai kwao. Wanaokuja kutoka nje wasome vizuri, nyingi zina orodha ya nchi na sio kila nchi ya Afrika imo, na kadi za benki zinazojisifu kubeba bima ya gari ya kukodi huwa zinaruka magari ya fobai fobai.

Kuhusu Mutukula. Bima ya Tanzania inaishia mpakani. Kuvuka unahitaji kadi ya njano ya COMESA, Tanzania sio mwanachama wa COMESA lakini mpango wa kadi tumo, na Uganda, Kenya, Rwanda na Burundi wamo. Ila kadi ya njano ni thadi pati tu, Prado yenyewe ikikunjwa Masaka haina mtu mpaka bima kubwa iwe imeongezwa mipaka kwa maandishi. Pia unahitaji barua ya mwenye gari kukuruhusu kuitoa nchini. Kama siku moja mtatamani Rwanda kumbukeni kule wanaendesha kulia.

Mimi ningekuwa wewe ningeishia Bukoba. Kutoka Busisi ni Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Muleba, barabara ni lami na tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 ule usumbufu wa kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo umeisha, kilomita kama 3 unazikata huku unalitazama ziwa. Uganda unaongeza makaratasi kwa ajili ya kunywa chai Kyotera.

BabaWawili_Tabata
Wabeja sana (asanteni), bi mkubwa kanifundisha hilo neno. Uganda nimeifuta. Nimewapigia wa Prado na maswali yenu, dada wa ofisini kacheka akasema mteja wa hivi hajawahi kumpata. Majibu: namba ni nyeupe, nimeihakiki TIRA inasoma vizuri mpaka mwakani. Serengeti wanaruhusu kwa nyongeza kidogo. Kioo kimo, tairi na chini ya gari havimo. Siku za gereji wanatoza, nimebishana naye mpaka wamekubali kuandika zisizidi siku tano. Mkwaruzo mdogo tunaenda gereji tunayokubaliana wote. Kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi hapo akababaika, akasema atamuuliza meneja kama gari ikiwa juu ya kivuko bima bado inafanya kazi.

WakalaWaMabatini
Hilo la kivuko pata maandishi, hata meseji ya WhatsApp kutoka namba ya ofisi. Wakisema haimo, acha Prado Mwanza mpande meli ya Nansio bila gari, ndugu wa bi mkubwa hawatakosa usafiri wa kuwapokea.

Mama_Lamadi
Na siku ya kupokea gari usikubali wakukabidhi usiku uwanja wa ndege, mwanga wa pale hauonyeshi mikwaruzo. Waambie asubuhi. Izunguke na simu unarekodi video huku yule mwenye gari anaonekana, piga paa, piga rimu zote, fungua buti uone spea ina upepo na jeki ipo, mtungi wa zimamoto tarehe yake, zile pembetatu mbili. Piga na dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Video itume kwenye namba yao muda huo huo.

Kapripoint_Juu
Haya. Ila bado nasema dereva 😂

BabaWawili_Tabata
Dipoziti natuma Jumatatu, kwa akaunti ya kampuni sio namba ya simu ya mtu. Meneja amejibu ya kivuko: imo, lakini abiria wote washuke gari inapopandishwa na injini izimwe. Ameandika kwenye mkataba.