Kisiwa cha Fumbani kina watunzi saba: nani aamue lipi ni kweli kwenye wiki yetu?

Mtunzi wa Chumbageni (Tanga)

Ndugu wasomaji, salaam. Sisi ni watunzi saba, sita wakazi wa Tanga mjini na mmoja wa Pangani, ambao kwa miaka mitatu sasa tumekuwa tukiandika hadithi fupi zinazotokea katika kisiwa cha kubuni tulichokiita Fumbani, ambacho katika mawazo yetu kiko baina ya Tanga na Pemba, mahali ambapo kwenye ramani pana maji matupu. Hadithi zimefika 41. Kwa kuwa hakuna tena miongoni mwetu anayezikumbuka zote, mwanzoni mwa mwaka huu tulifungua wiki yetu, yaani tovuti ambayo kurasa zake huandikwa na wengi, kwa programu ya MediaWiki, ile ile inayoendesha Wikipedia, ili kila mhusika, kila mtaa na kila chombo kiwe na ukurasa ambao yeyote kati yetu anaweza kuuhariri.

Matata yameanzia kwenye ukurasa wa Bi Mwanakheri, muuza mikate ya kumimina wa gatini. Katika hadithi ya 9 bibi huyu anafariki na kuzikwa karibu na mbuyu. Katika hadithi ya 26, ambayo ni ya mtunzi mwingine na inatokea miaka kumi baadaye, yuko pale pale gatini akipanga makaa juu ya mfuniko wa sufuria na kumdai nahodha deni la wiki mbili. Historia ya ukurasa inaonyesha mabadiliko 14 katika usiku mmoja, huyu akiandika “alifariki”, yule akifuta na kuandika “yu hai”, mpaka mimi niliye mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki, nikaufunga usihaririwe na mtu. Tangu usiku huo hao wawili wakikutana hutikisiana vichwa tu.

Ninachouliza ni hiki: je, mkabidhi anayo haki ya kuamua ipi ndiyo kweli ya Fumbani, au jambo hili lipigiwe kura?

Msomaji wa Dunda (Bagamoyo)

Ndugu mtunzi, salaam nawe. Mimi nisingempa mkabidhi haki hiyo, na kura nisingeipiga, kwa sababu kura ya watu saba itawaachia watatu wenye kinyongo na ukurasa mmoja wenye uongo.

Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tulizoeshwa tangu udogoni kwamba habari haikamiliki mpaka ijulikane imepokewa kutoka kwa nani. Silinganishi mapokezi ya dini na mikate ya Bi Mwanakheri, Mungu apishe mbali; nasema tu kwamba nidhamu ile ya kuuliza “umeipokea kwa nani?” ndiyo inayokosekana kwenye ukurasa wenu. “Alifariki” ni neno lisilo na msimulizi, na “yu hai” ni vivyo hivyo, kwa hiyo kila mmoja analiona la mwenzake kuwa tusi. Andikeni hivi: “Katika hadithi ya 9 Bi Mwanakheri anafariki na kuzikwa karibu na mbuyu. Hadithi ya 26, inayotokea miaka kumi baadaye, inamwonyesha akiuza mikate gatini. Watunzi hawajaeleza namna habari hizi mbili zinavyopatana.” Kila sentensi iwekewe tanbihi yenye namba ya hadithi na aya. Ukurasa wa namna hiyo hauna neno la kufutwa, maana yote yaliyomo ni kweli: hadithi ya 9 inasema inachosema, na ya 26 pia.

Amueni vilevile mnaandika kwa sauti gani. Memory Alpha, wiki ya Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya ulimwengu wa Star Trek, tamthilia na filamu za safari za anga, huandika makala zake kana kwamba mwandishi anaishi ndani ya ulimwengu huo, kisha mambo ya utungaji na ya uigizaji yanatengewa sehemu yake. Ni namna inayopendeza kusoma, lakini mwandishi aliye ndani ya Fumbani atalazimika kujua kama bibi kafa au hakufa, ilhali aliyesimama nje anaweza kusema wazi kwamba hadithi zinapingana. Kwa kundi lenye ugomvi kama lenu, nashauri msimame nje kwanza.

Na ukurasa ufungueni. Mtu aliyeibuni wiki ya kwanza, Ward Cunningham, mwaka 1995, aliazima jina kutoka neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Nasi tunayo methali yetu kuhusu haraka, ila kufuli si dawa yake. Ukurasa wa majadiliano uliowekwa kando ya kila makala ndiko mahali pa kubishana.

Binti wa Ngamiani (Tanga)

Nakubaliana na ndugu wa Dunda kuhusu tanbihi, lakini naona amelisahau jambo moja kubwa. Wiki anayoitaja inaandika ulimwengu wenye mwenyewe. Mwaka 2014 kampuni ya Lucasfilm ilipotangaza kwamba riwaya na hadithi nyingi za awali za Star Wars, ulimwengu wa filamu za vita vya anga, zihesabiwe kuwa ngano tu na zisiwe sehemu ya historia rasmi, wahariri wa Wookieepedia, wiki ya ulimwengu huo, hawakuwa na kauli katika uamuzi huo. Kazi yao ikawa kutenganisha kurasa za wahusika, upande huu historia rasmi na upande huu ngano. Hata hapa kwetu, Shaaban Robert wa Vibambani alipoiandika Kusadikika akawatuma wajumbe sita pande sita, kalamu ilikuwa moja, na leo anayetaka kuorodhesha safari zao hana wa kugombana naye.

Nyinyi ni watunzi na ni wahariri kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mnapojikwaa. Yule wa hadithi ya 26 hakuwa anahariri wiki usiku ule, alikuwa anatunga kwa kutumia wiki, akitaka kumfufua bibi kwa neno moja bila kutoa jasho la kuandika hadithi. Wekeni sharti kwamba lisiingie kwenye wiki lolote ambalo halimo katika hadithi iliyokwisha kutolewa. Anayemtaka bibi aliye hai, au mdogo wake anayefanana naye, au mzimu wake, akae chini aandike hadithi ya 42, halafu wiki itamfuata.

Naomba pia niulize kwa adabu: je, hao wawili mmewauliza, au mmewasoma kwenye historia ya ukurasa tu?

Mzee wa Pangani

Wanangu, ya wiki siyajui sana, ila mjukuu wangu amenisomea hizo kurasa zenu nikafurahi. Nina neno juu ya ukurasa wa jahazi. Mmeandika kwamba jahazi la nahodha Shehe lilitoka Lamu likaingia Fumbani “likisukumwa na kusi iliyojaa tanga”. Kusi inatoka kusini, na Lamu iko kaskazini yetu. Jahazi linaloteremka huku kutoka Lamu huja na kaskazi, Desemba hadi Machi. Wakati wa kusi huelekea huko, halitoki huko. Nahodha wenu ama alirudi kinyumenyume, ama huyo mtunzi hajapata kupanda chombo.

Mtunzi wa Chumbageni (Tanga)

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote.

Dada wa Ngamiani, swali lako lilinitia aibu, kwa maana sikuwauliza. Jana nimewakutanisha, na imebainika kwamba mtunzi wa hadithi ya 26 hakuwahi kuisoma ya 9, kwa sababu wakati ule hadithi zilikuwa zikizunguka kwenye simu zetu kabla ya wiki kuwapo, na hiyo haikumfikia. Alidhani mwenzake anamuua mhusika wake kwa makusudi. Ukurasa nimeufungua, sentensi tatu za ndugu wa Dunda nimeziweka kama zilivyo pamoja na tanbihi, na sharti la kutotunga ndani ya wiki limekubaliwa na wote saba. Mwenye hadithi ya 26 anasema atamwandika bibi huyo upya, lakini jina la anayelala karibu na mbuyu hataki kulitaja mpaka hadithi itoke.

Kuhusu jahazi, mzee wangu, mtunzi wake ni mimi, na ni kweli sijapanda chombo zaidi ya mashua ya kwenda Toteni. Sitaibadilisha hadithi kimyakimya. Nimeandika kwenye ukurasa wa jahazi kwamba upepo uliotajwa hauafikiani na safari. Nilikuwa nafikiri hadithi ijayo iitaje safari ile ile kuwa ilifanyika wakati wa tangambili, pepo zinapobadilika na hazina uhakika. Je, inaweza kukubalika?

Mzee wa Pangani

Marahaba mwanangu. Tangambili inaweza, ila basi msiseme tanga lilijaa. Semeni lilipigapiga mlingotini siku tatu, mabaharia wakaishiwa maji.