Binti yangu ameitwa Baraton na sisi ni Waislamu wa Malindi: tumpeleke?

MamaShella
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naandika kutoka Shella, hapa Malindi, na naomba majibu ya mtu anayejua, si ya kubahatisha. Binti yangu wa pili kamaliza kidato cha nne na amefanya vizuri. Tangu yuko shule ya msingi anasema atakuwa nesi, na hajawahi kugeuza neno. Sasa ameitwa Chuo Kikuu cha Eastern Africa, Baraton, kile cha Wasabato huko Nandi, kusomea shahada ya uuguzi. Barua iko juu ya friji, babake anaipita kila siku bila kuishika. Mjombake ashasema tukimpeleka tutarudishiwa mtoto mwingine. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, chuo sikusoma, sijui huko wanaishi vipi. Hijabu atavaa? Ramadhani atakula nini? Watamtia kanisani? Karo ya muhula wa kwanza tumeikusanya kwa tabu, sitaki niilipe kisha nijute.

Kazungu_Barani
Hongera mama. Lakini mbona aende mbali hivyo na Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapa Kilifi? Kwa matatu hata saa mbili hazifiki.

MamaShella
Aliomba, mwanangu. Uuguzi hakupata, na kozi nyingine hataki.

NesiWaMaweni
Wa aleikum salaam, mama, shikamoo. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Maweni, na uuguzi nimeusomea hapo hapo Baraton. Leo nafanya kazi wodi ya kujifungulia. Mpeleke.

Nianze na chakula, maana najua ndicho kinachokunyima usingizi. Wasabato nguruwe hawali, pombe hawagusi, na mesi ya chuo haipiki nyama. Utakuta maharagwe, ndengu, mboga, ugali, wali, chapati. Basi lile swali la nani kachinja halipo kabisa. Rafiki zangu waliosoma vyuo vingine, hata vya serikali, walikuwa wakiuliza swali hilo kila wakishika sahani. Atakachokikosa ni samaki, na pengine chai, kwa kuwa wengi wao chai ya majani na kahawa hawanywi. Mfungie tangawizi na iliki.

Ramadhani sasa. Nandi iko magharibi mwa nchi, na jua la kule huzama kama dakika 20 baada ya jua la Malindi. Ukimpigia simu kumwambia mshafuturu, yeye bado, kwa hiyo asifuate adhana ya redio ya nyumbani. Lakini sijapata kuona watu wanaolichunga jua kama Wasabato. Sabato yao huingia Ijumaa jua likizama, na hutoka Jumamosi jua likizama, kwa hiyo saa ya machweo wanaijua kwa dakika. Nami nilikuwa nafuturu kwa saa yao. Ijumaa jioni hosteli nzima iko mbioni: huyu anapiga pasi, yule anaanua nguo, mwingine anafagia, kila kazi iishe kabla ya giza. Mwenzangu wa chumba, msichana wa Kisii, alikuwa anakaa dirishani na saa mkononi akingoja Sabato yake. Mimi niko kitandani na tende kwenye sahani, nangoja futari yangu. “Bado dakika mbili,” ananiambia. Zikiisha, yeye anaanza wimbo na mimi nasema bismillahi. Huyo hata leo ni ndugu yangu.

Swala nilisali chumbani. Wudhu wa alfajiri ndio kazi, maji ya kule yanauma vidole, si haya yetu yanayotoka bombani yana uvuguvugu. Sweta nzito, soksi na blanketi asikose.

Kanisani ataingia, mama, sitakuficha. Ibada imo ndani ya ratiba ya chuo na mahudhurio yanahesabiwa. Masomo ya dini nayo yamo, awe anasomea uuguzi au biashara. Nilikaa nikasikiliza; kuimba sikuimba, na hakuna aliyenishika mkono akaniambia nibatizwe. Somo la Biblia nilisoma, nikafanya mtihani, nikafaulu. Kujua Wakristo wanaamini nini hakukunitoa kwenye dini yangu. Mtoto aliyefunzwa dini yake nyumbani anarudi nayo, na asiyefunzwa anaweza kuiacha hata akisoma Mombasa. Mwambie hivyo mjombake, kwa heshima.

Ninachokikumbuka kwa hamu ni udogo wa kile chuo. Mhadhiri anakujua kwa jina na anajua unatoka wapi. Ukikosa kwenda wodini, anataka kujua una nini. Uuguzi haufunzwi ukumbini na mtu wa mbali mwenye kipaza sauti. Unafunzwa na mtu aliyesimama nyuma ya bega lako unapotafuta mshipa wa mgonjwa.

Kitu kimoja kabla hujalipa: hakikisheni kozi yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Bila leseni ya baraza, hiyo shahada ni ya kutundika ukutani.

BabaWaTatu_KisumuNdogo
Mimi ni Mkristo, na mwanangu alisoma chuo kingine cha kanisa, sikitaji. Dada, la hijabu lipate kwa maandishi. Katiba, ibara ya 32, inasema mtu asizuiwe kuingia taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, wala asilazimishwe kutenda kinyume na imani yake. Lakini kumbuka kesi ya shule ya St Paul's Kiwanjani kule Isiolo: Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana wavae hijabu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo 2019. Usitegemee maneno ya simu.

Na pesa. Tangu 2023 ufadhili mpya wa serikali, ule usiorudishwa, ni wa wanaoingia vyuo vya umma. Wa chuo binafsi anaomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na atakuja kuulipa. Pita ofisi ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ile ya wadi ukaulize basari mapema, wakati bado fomu zipo. Chuoni kwa mwanangu walimzuia mlangoni siku ya mtihani kwa deni dogo tu. Iliniuma sana. Tangu hapo nikawa napanga malipo na ofisi ya fedha mwanzoni mwa muhula, kwa barua yenye mhuri.

NesiWaMaweni
Baba kasema kweli. Mimi hijabu nilivaa. Wodini tulikubaliana na walimu nivae kitambaa kifupi kinachoingia ndani ya kola, na mikono iwe wazi kutoka kiwiko kwenda chini kwa ajili ya usafi. Huo ni utaratibu wa hospitali, si wa kanisa. Binti mwenyewe amwandikie msajili, aulize mavazi na ibada.

MamaShella
Mungu awalipe. Nimemsomea babake yote, na leo barua ameishika. Anauliza safari, na hosteli zikoje.

NesiWaMaweni
Wavulana hosteli ya wasichana hawaingii, hapo atulie. Safari: matatu mpaka Mombasa, treni kutoka Miritini. Inawashusha Syokimau, mnaingia mjini Nairobi, na kutoka hapo mnapanda gari la Eldoret au Kapsabet. Msiunganishe usiku, laleni Nairobi kwa jamaa. Na babake ndiye ampeleke. Akaione hosteli, akasalimiane na mkuu wa wanafunzi, amwachie namba yake ya simu.