Ushauri: Jimny, Grand Vitara, Forester au RAV4 kwa njia mbovu, ipi inapita wapi na inakwama kwa nini?

Vumbi_Jekundu (mwanzisha uzi)

Wadau, naomba ushauri wa watu wanaozijua gari hizi kwa undani. Nimebaki na nne: Suzuki Jimny JB74, Suzuki Grand Vitara ya 2005–2015 milango mitano, Subaru Forester SJ yenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia) na X-Mode, na Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu yenye kitufe cha LOCK.

Njia ina mitaro inayokatisha, kilima cha mawe kilichochimbwa na maji, kipande cha mchanga laini, na kijito ambacho maji hufika magotini. Nusu ya mwendo ni lami. Tutakuwa watu wawili na mizigo. "Ipi nzuri kwa ujumla" nimeshaisoma sana. Nataka kujua kila moja inashindwa kwenye kizuizi gani, kwa sababu gani, na dereva afanye nini.

---

FundiPropela

Mkuu, neno 4WD lililoandikwa mlango wa nyuma lisikushughulishe. Angalia nguvu inafikaje kwenye tairi lililokanyaga chini pale mengine mawili yanapokuwa hewani.

Jimny: chasisi ya ngazi, ekseli kavu (bomba moja gumu linalounganisha tairi la kushoto na la kulia) mbele na nyuma, koili springi. Lami unatembea na tairi za nyuma pekee. Ukiingia 4H, mbele na nyuma vinafungwa pamoja kwa sababu katikati hakuna difu (gia inayoruhusu pande mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti) kabisa. Ina gia nzito (4L, ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi) ya takriban 2 kwa 1.

Grand Vitara: inavuta tairi zote nne muda wote, ina difu ya katikati inayofungwa (4H LOCK) na gia nzito (4L LOCK). Miguu yote inajitegemea, haina ekseli kavu.

Forester: kompyuta inagawa nguvu kupitia klachi ndani ya giaboksi. Gia nzito hakuna. X-Mode inabana ile klachi mapema, inalainisha pedali ya mafuta na kuharakisha breki ya tairi linaloslipu. Ukipita 40 km/h inajizima.

RAV4: kimsingi inavuta mbele, nyuma inaitwa na kaplingi ya umeme. LOCK inaibana hiyo kaplingi hadi 40 km/h, kisha inaachia. Nayo haina gia nzito.

Sasa njoo kwenye mtaro. Ukiuingia kwa mshazari, tairi la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili yanaelea. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa kushoto na kulia. Lililo hewani likihitaji Nm 20 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kuzunguka, lililo chini nalo linapata Nm 20, na gari haisogei. Kufunga difu ya katikati hapo hakukusaidii, kwa sababu mbele kuna tairi linalozunguka bure na nyuma pia.

Kinachokuokoa ni mfumo unaokamata breki ya tairi linaloslipu peke yake. Jimny JB74 inao, na unaendelea kufanya kazi hata ukiwa 4L. Forester inao. RAV4 inao kama ina VSC (mfumo wa kompyuta wa kuzuia gari kuteleza). Grand Vitara inategemea: zenye ESP (jina la Suzuki la mfumo kama VSC) zinao, zisizo na ESP hazina. Kwa hiyo Grand Vitara mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuachana mbali sana mtaroni. Tafuta kitufe cha ESP kwenye dashibodi kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Namna ya kuutumia: tairi likianza kuzunguka usiachie mafuta. Shikilia takriban 2,000 rpm bila kupandisha wala kushusha, sekunde mbili tatu, utasikia breki zinagugumia kisha gari inasogea. Wengi wanaachia mafuta sekunde ileile mfumo unapoanza kukamata, halafu wanasema gari haina nguvu.

---

Kalio_la_Chuma

Isiyo na ESP vuta handbreki nusu, meno mawili au matatu, huku unakanyaga mafuta. Inapita.

---

FundiPropela

Ndugu Kalio, piga hesabu. Mfumo ukiweka breki ya Nm 400 kwenye tairi la hewani peke yake, difu inalazimika kutoa 420 kila upande, na lililo chini linapata 420 kamili. Handbreki inakamata matairi yote mawili ya nyuma. Difu inatoa 420 kila upande, sawa, lakini lililo chini linaliwa 400 na breki yake lenyewe. Linabaki na Nm 20 zilezile. Faida kidogo inayoonekana inatokana na msuguano wa ndani ya difu, nayo haikutoi mtaroni. Kwa gari isiyo na mfumo huo, weka jiwe bapa au ubao chini ya tairi linaloelea, au badili mstari wa kupita.

---

Pembe_Tatu

Naongezea vipimo, maana hapa watu wengi hudanganywa na karatasi. Forester SJ imeandikwa milimita 220 chini ya tumbo, Jimny 210. Ukisoma hivyo unadhani Forester inapita juu zaidi. Sivyo. Zile 210 za Jimny zinapimwa chini ya difu, karibu na tairi, na katikati ya gari tumbo liko juu zaidi ya hapo. Halafu tairi la mbele hadi la nyuma Jimny ni milimita 2,250, Forester ni 2,640. Kwenye tuta kali au mdomo wa mtaro, tumbo la Forester linagusa wakati Jimny bado ina nafasi. Pembe za Jimny, yaani mwinuko inaoweza kuuvuka bila kugusa, ni nyuzi 37 mbele, 28 tumboni, 49 nyuma. Hakuna kati ya hizo nyingine tatu inayozikaribia.

Lipo jambo la pili. Gari yenye miguu inayojitegemea ikibeba mzigo au ikidunda, tumbo lote linashuka, difu nayo inashuka. Ekseli kavu inafuata tairi: tairi likipanda jiwe, difu inapanda nalo. Ndiyo maana kwenye mawe dereva wa Jimny analenga tairi lipande juu ya jiwe, hapitishi jiwe katikati ya tairi. Chungulia chini ya gari ujue difu imekaa upande gani, kisha jiwe refu lipitie upande mwingine.

Kwa Forester na RAV4 kinachoumia kwanza ni mdomo wa plastiki wa bampa, kisha kile kifuniko cha plastiki chini ya injini. Kikipasuka kinakokota na kuzoa mchanga. Sahani ya chuma ya milimita 3 au alumini ya 4 chini ya sampu (bakuli la oili ya injini) inatosha, mradi iwe na tundu la kumwagia oili na isizibe njia ya hewa.

---

Vumbi_Jekundu

Nimeelewa vizuri sana. Sasa mtaro niuingie moja kwa moja au mshazari? Nimesoma majibu yanayopingana.

---

Pembe_Tatu

Yanapingana kwa sababu kila mtu anasema kuhusu gari yake. Jimny: mshazari, tairi moja baada ya jingine, 4L gia ya kwanza (kwa otomatiki weka L), mwendo wa mtu anayetembea. Ekseli zinakunjuka vya kutosha, bampa haigusi. RAV4: ukiingia mshazari mkali unanyanyua tairi mapema na nguvu inaishia hewani, ukiingia moja kwa moja unagonga bampa. Ingia kwa mshazari mdogo, kiasi cha nyuzi 20 hadi 30. Mdomo wa mtaro ukiwa wima, upunguze kwa sepetu kwanza. Dakika kumi za sepetu ni nafuu kuliko bampa.

---

Gia_Moja

Nakubaliana kwa mtaro, ila kilima hakijaguswa na hapo ndipo gia nzito inaonekana thamani yake. Kupanda mawe polepole kunataka nguvu nyingi kwa mwendo wa 3 hadi 5 km/h. Jimny na Grand Vitara kwenye 4L zinatambaa injini ikiwa na mzunguko mzuri. Forester na RAV4 zinabidi ziende kwa kasi kidogo ili zisife moyo, na kasi hiyo ndiyo inayovunja vitu.

CVT ya Forester ikipanda muda mrefu polepole inapata joto, taa ya AT OIL TEMP inawaka na kompyuta inapunguza nguvu. Ikiwaka, simama mahali salama, weka P, acha injini ikiunguruma mpaka taa izime. Usizime injini, maana pampu inayozungusha oili ya giaboksi itasimama nayo.

Ukishindwa katikati ya kilima: breki ya mguu, weka rivasi, rudi nyuma kwa mstari uleule uliopandia. Usigeuze gari kilimani. Hapa namsisitiza zaidi mwenye Jimny. Upana wake ni milimita 1,645 tu na mwili umesimama wima, kwa hiyo ikikaa ubavu kwenye mteremko inalala upesi kuliko Forester. Mizigo mizito iweke sakafuni, usiipandishe kwenye keria.

Kushuka: Jimny na Grand Vitara 4L gia ya kwanza, mguu mbali na breki. Forester washa X-Mode, ishike yenyewe chini ya 20 km/h. RAV4 otomatiki weka L na uguse breki kidogokidogo, tairi zisijifunge.

---

Mchanga_Laini

Mchangani mambo yanageuka. Jimny nyepesi, kilo 1,100 hivi, inaelea vizuri. Injini yake ya Nm 130 ndiyo inayohema, kwa hiyo wengi wanaweka 4L gia ya pili na ya tatu, si 4H.

Upepo kwanza. Jimny 15 psi, Grand Vitara na RAV4 17, Forester 17 hadi 18. Ukishuka chini ya 13 bila rimu maalumu tairi linaweza kuvuka mdomo wa rimu ukikata kona. Ukishapunguza, usizidi 40 km/h, kona iwe pana. Kabla ya kurudi lami jaza tena hadi kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Tairi laini kwenye lami ya kasi linachemka na kupasuka.

Zima ESP au VSC. Ikiwa hai inakata mafuta tairi linapoanza kuslipu, na mchangani ukikatwa mwendo umezama. Kusimama usikanyage breki, acha gari ijisimamie, maana breki inatengeneza tuta mbele ya tairi. Ukizama, zungusha tairi mara moja tu. Haisogei? Toka uchimbe nyuma ya tairi zote na chini ya tumbo, punguza psi 2 nyingine, toka kwa rivasi kwenye alama zako mwenyewe.

RAV4 ikizungusha tairi muda mrefu kaplingi inapata joto na mfumo unajiachia, unabaki na tairi za mbele. Inarudi ikipoa. Ukilazimisha unaiua.

---

Pembe_Tatu

Kuhusu kijito: goti la mtu mzima ni kama milimita 500. Jimny yenyewe imetajwa milimita 300. Kwa gari zote nne magotini ni kupita kiasi. Tembea kwanza na fimbo. Yakizidi katikati ya ringi, tafuta kivuko kingine au subiri yapungue. Ukivuka, nenda mwendo wa kutembea bila kubadili gia. Injini ikizimika majini usiipige tena stata, maana maji yakishaingia kwenye silinda hayabanwi, yanapinda koneksheni rodi. Ivutwe nje, plagi zifunguliwe kwanza.

---

Vumbi_Jekundu

Kwa haya naelekea Grand Vitara yenye ESP, sababu ya lami na mizigo. Jimny viti vya nyuma vikisimama buti ni lita 85 tu. Nikague nini kabla ya kununua iliyotumika?

---

FundiPropela

Uamuzi mzuri, mradi ukubali kwamba tumbo litagusa pale Jimny isingegusa.

Jaribu swichi ya gia kwanza. Simama kabisa, kanyaga breki, weka N (manyuo: kanyaga klachi), zungusha kwenda 4L LOCK. Taa inapepesa kisha inatulia. Ikiendelea kupepesa, sogeza gari nusu mita mbele, nusu mita nyuma. Isipotulia hata hapo, mota ya transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) au soketi zake zina tatizo. Kwenye udongo mlaini, si lami, weka 4H LOCK na ukate usukani wote polepole. Lazima usikie gari inakaza. Isipokaza, difu ya katikati haijafunga, hata kama taa inasema imefunga. Ukiwa 4L taa ya ESP OFF iwake, ni kawaida.

Angalia tairi zote nne: saizi moja, chapa moja, kina cha kashata (meno ya tairi) kinachokaribiana. Gari inayovuta zote nne ikitembea na tairi zisizolingana mzunguko, difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata njia iliyonyooka. Ukipata Forester badala yake, hili ni kali zaidi: Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo ya inchi, la sivyo klachi ya giaboksi inaungua.

Chini ya gari chungulia ndoano za kuvutia. Ile ya kufungia gari melini si ya kuvuta kwa kishindo. Na mpira wa chuma wa kuvutia trela usifungiwe kamba ya kuvuta gari iliyozama hata siku moja. Ukikatika unaruka kama risasi na umeua watu.

Mwisho oili za difu ya mbele, ya nyuma na transfa, 75W-90 GL-5 kwa difu, na transfa fuata kitabu cha gari. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Nati ya kujazia ikigoma baada ya kumwaga, umebaki na difu kavu na gari haiondoki. Oili ikitoka rangi ya maziwa, maji yaliingia. Badilisha, tembea kilomita 500, fungua tena uangalie, na kipumulio cha difu kiongezewe mpira hadi juu kwenye chumba cha injini.