Wikiendi ya sanaa ya jiji zima Dar es Salaam: jiji lipi hasa?

Mwanzisha mada

Wadau, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni.

Kila wanapokutana wapenda sanaa wa hapa Dar, hakosekani mmoja wa kusema: na sisi tungekuwa na wikiendi yetu. Ijumaa jioni hadi Jumapili, galeri na karakana zote zifungue milango, watu wazunguke bure. Berlin wanayo tangu 2005. Mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Ugomvi wangu unaanza ramani inapochorwa. Zote nilizoona zikichorwa mezani zinaanzia Masaki, zinapita Oysterbay, zinaishia Mikocheni, kisha mtu anafunga kalamu na kutamka "jiji zima". Jiji lenye wilaya 5 na watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 limeenea kwenye safari moja ya bajaji?

Msimamo wangu ni huu. Wachongaji wa Mwenge wasipokuwamo, isiitwe ya jiji. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga pale Morogoro Stores wako Oysterbay kabisa, lakini ajabu ni kwamba ramani inawapita kama haiwaoni. Waandika vibao wa Kariakoo na wanaopamba bajaji na daladala ndiyo kabisa, hata hawatajwi. Basi tuiite wikiendi ya wenye galeri. Si kosa, waseme tu.

Najua jibu: "yale ni mambo ya watalii, sisi tunazungumzia sanaa ya kisasa." Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968, juu ya hardbodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Mtindo ule hakuurithi kwa babu yake. 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu ya kuchora, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Kama hiyo si sanaa ya kisasa ya Dar, nielimisheni.

Naomba kuwasilisha.

Kanvasi Tupu

Mkuu, umeongea vizuri ila umeongea kama mtu asiyeuza picha.

Mimi nachora, nimepanga chumba Tabata. Kazi moja huweza kunichukua miezi minne. Hao wa Berlin unaowataja walioanzisha ni wenye galeri wenyewe, na lengo hawakulificha: kuleta wanunuzi. Wikiendi ya namna hiyo ni ya mtu kusimama mbele ya kazi moja dakika ishirini, aniulize, nimjibu, akaondoke akifikiri. Ukichanganya kila kitu unapata maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Picha yangu itakaa katikati ya sufuria na magodoro.

Kisha kuna bei, ambayo hakuna anayetaka kuizungumza. Asubuhi mgeni kapita mahali kaona picha ya twiga kwa elfu thelathini, na iliyofuata ni twiga yuleyule, na ya tatu hivyohivyo. Jioni anafika kwangu, namwambia milioni mbili. Ataniona tapeli. Tingatinga mwenyewe alikuwa mbunifu, sibishi. Lakini anayenakili twiga wa mwenzake mara ya mia tano mwaka huu, naye ni mbunifu? Hapo ndipo pa kubishania, na wewe umeparuka.

Mpingo

Mdogo wangu Kanvasi, mimi ni wa huko Mwenge mnakokusema bila kutuuliza. Nachonga, na baba yangu alichonga.

La kwanza nakukubalia. Nusu ya vilivyo kwenye maduka ya mbele ni kunakili, na mimi mwenyewe nimewahi kuchonga tembo wanaofanana hadi nikawa nawaota. Ada ya shule haisubiri ubunifu.

La pili sikukubalii. Watu wanaamini vinyago vyetu ni mila ya kale, kwa hiyo mahali pake ni makumbusho. Mtindo wa shetani, yale maumbo ya jicho moja, mdomo umepinda, mguu unatokea kichwani, aliuanzisha Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950. Haukuwapo kabla. Ni kitu cha jana tu, cha mtu mmoja mwenye jina, na kilizaliwa wakati wachongaji wa Kimakonde wameshahamia huku kutafuta soko. Nguzo ya ujamaa nayo, watu walioshikana hadi juu, ni ya miaka hiyohiyo. Mnatuita wa jadi kwa sababu tunatumia tezo.

Na George Lilanga je? Mmakonde wa Masasi, alikuja Dar akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa. Mlinzi! Akaonyesha alichokuwa akichonga, wakamweka ndani. Alipofariki 2005 kazi zake zilikuwa zimeshafika Ulaya na Marekani. Leo angekuja na rungu lake kwenye ufunguzi wa maonyesho, angeachwa getini alinde magari.

Ukifika Mwenge usiishie madukani. Pita nyuma, kwenye vumbi, ambako gogo linaingia na kinyago kinatoka. Huko ndiko mlango ufunguliwe.

Mama Nasra

Mimi si msanii, nakaa Mbagala. Mmesema "bure", nikaona niseme.

Mwaka juzi niliwapeleka wanangu wawili kwenye maonyesho, galeri moja upande wa peninsula, huko Masaki, siitaji. Getini mlinzi akaniuliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikamwambia nakuja kuangalia picha. Akarudia, "Ndiyo mama, lakini kwa nani?" Tuliingia, ila mwanangu mkubwa aliniuliza njia nzima ya kurudi kama tulikuwa tumekosea nyumba. Nauli kwenda na kurudi watu watatu, na soda. Hiyo ndiyo bure yenu.

Swali langu dogo: kwa nini sisi ndio tutembee kila siku? Picha haziwezi kupanda gari?

Mtembezi

Zinaweza, mama. Kampala walifanya. Tamasha lao la KLA ART mwaka 2012 liliweka kazi kwenye makontena sehemu mbalimbali za mji, na 2014 wasanii wakatumia bodaboda, pikipiki yenyewe ikawa kazi ya sanaa inayozunguka mitaani. Hukuwa na geti la kupita.

Na kwa wanaodhani ubora unaishi mitaa yenye miti tu: Wajukuu ni kundi la wasanii wa Mukuru, Nairobi. 2022 walialikwa Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa kule Kassel, Ujerumani, na wakarudi na tuzo ya Arnold Bode. Wamekulia kwenye mabati, na mabati hayohayo wakayapeleka Kassel.

Mzee wa Posta

Vijana, mnabishana juu ya ramani kwa sababu katikati pameng'olewa.

Nyumba ya Sanaa aliianzisha Sista Jean Pruitt 1972, ikaja kuwa mjini kabisa. Mtu akitoka kazini anapita, anamkuta fundi wa batiki, mfinyanzi, mchongaji, walemavu na wazima, wote paa moja. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa kisasa au wa jadi. Leo haipo pale. Kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni wanajitahidi tangu 2008, wasanii kwenye makontena yao, nawapa heshima. Lakini Mikocheni si Posta, hupiti njiani.

Na fedha atatoa nani? Ubalozi ukitoa, ramani itaanzia ubalozini. Nyie mnashangaa nini?

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la fedha limenikata maini, sina jibu.

Kanvasi, la bei umenibana, nakiri. Sikulifikiria kwa upande wa anayeuza. Labda basi isiwe wikiendi ya kuuza Mwenge na Morogoro Stores, iwe ya kuona kazi inavyofanywa, kama alivyosema Mpingo: nyuma, kwenye vumbi. Anayetaka twiga atarudi Jumatatu. Lakini kwenye ramani sirudi nyuma. Mwenge na Mikocheni ni pua na mdomo. Ukiweza kumpeleka mgeni mahali pamoja na ukashindwa pengine, hujashindwa usafiri.

Na Mbagala iwe na kituo. Hata ukuta mmoja wa shule, waandika vibao wapewe siku tatu na rangi.

Kanvasi Tupu

Ukuta wa Mbagala nakubali, hata mimi nitakuja kuchora. Kunakili bado sikubali, tutakutana.

Mama Nasra, chumba changu kiko Tabata, juu ya duka la vipuri, hakina kibao wala mlinzi. Ukija na watoto pigeni hodi. Mmoja tu asishike ile iliyoegemea dirisha, rangi haijakauka.

Mpingo

Mimi nauliza kitu kimoja tu. Jumamosi mtafika Mwenge saa ngapi? Maana mchana jua likiwa kali tunalala.